Mpinzani wa Ziada

Hakuna anayesimama. Swali lile huulizwa kila tasnifu inapotetewa, kama kasisi anavyouliza kanisani iwapo kuna mwenye pingamizi, na kila mara ukumbi hujibu kwa kimya. Mtu hukohoa. Viatu hutafutwa chini ya viti. Upande wa pili wa mlango akina mama wa jikoni huanza kumimina kahawa, maana wanajua yamekwisha.

Edvin Hallstén alilitamka swali hilo akiwa wima ndani ya suti yake nyeusi, mkono mmoja tayari unakusanya karatasi.

"Nawaomba waheshimiwa mliohudhuria, yeyote mwenye jambo la kupinga katika tasnifu yangu, aombe nafasi kwa msimamizi."

Kwenye safu ya mwisho, karibu na dirisha, mwanamke mwenye gauni la kijivu alisimama.

Edvin alimtambua kabla hajamwona vizuri. Alimtambua kwa namna alivyosimama, taratibu, mkono ukiegemea kiti cha mbele, kama mtu anayeinuka kitandani asimwamshe aliyelala. Karatasi aliyoishika ikateleza mezani na hakuiokota.

"Sanelma Keränen, kutoka Uppsala," alisema mwanamke yule kwa Kiingereza, lugha ya siku hiyo, kwa sababu mpinzani rasmi, yaani mtahini wa nje, alikuwa Profesa Hesselink, mama wa Kiholanzi. "Naomba nafasi."

Profesa Vuolle, msimamizi, alikuwa mzee aliyesimamia tasnifu nyingi Turku na hajawahi kumpa mtu nafasi hiyo. Alitazama kofia yake ya udaktari iliyokuwa mezani kana kwamba ingemwambia la kufanya. Halafu akainamisha kichwa.

Safu ya mbele, Bi Gunvor Hallstén, mama yake Edvin, aligeuka polepole. Alimwona. Akarudisha uso mbele na kunyoosha mgongo.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo Sanelma na Edvin walikuwa wakifanya kazi kwenye chumba kimoja chini ya ardhi, jengo la wanajimu, wakihesabu majirani. Ndivyo walivyoiita kazi yao. Jua letu limezungukwa na vibete vyekundu, nyota ndogo zenye mwanga hafifu, nyingi kuliko aina nyingine yoyote, na hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Setilaiti imezipima zote: zilipo, umbali wake, mwendo wake. Kazi ya hao wawili ilikuwa kuchukua vipimo hivyo vipya, kuvilinganisha na picha za anga za zamani zilizopigwa kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na kujua kila kibete kina joto gani, ukubwa gani, umri gani. Sanelma alilinganisha. Edvin alipiga hesabu za joto na umri. Kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine, bila mmoja wao kukusudia, walipendana.

Alikuwa mtu mpole, Edvin. Alipoogopa alibonyeza kidole gumba kwenye mdomo wa chini. Sanelma alikuwa akikiondoa kidole hicho na kukibusu.

Ndipo ikaja sikukuu ya jina la Bi Gunvor, siku ambayo kalenda huwasherehekea wote wenye jina hilo. Sanelma alialikwa na Edvin, na mama yake Sanelma, ambaye ana duka dogo la mikate huko Kuhmo, mashariki kabisa karibu na mpaka, alimtumia kwa basi mikate midogo ya unga wa rai, nafaka ya huko kaskazini, iliyojazwa viazi na matunda mekundu ya porini. Bi Gunvor alifungua mlango mwenyewe. Aliitazama ile mikate. Halafu akasema kwa Kiswidi, lugha ya nyumba ile, ambayo msichana wa Kuhmo alikuwa ameisoma shuleni na kuisahau, kwamba meza imepangwa kwa ajili ya familia. Sanelma hakuelewa maneno yote, lakini mlango aliuelewa.

Edvin alikuwa nyuma ya mama yake, hatua chache tu. Alitazama viatu vyake. Akanyamaza.

Mwaka uliofuata makala yao yalichapishwa kwa jina la Edvin na la profesa wake. Jina la Sanelma lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, miongoni mwa waliotoa msaada, bila hata zile nukta mbili za juu ya herufi ä ya Keränen.

"Nina swali moja," Sanelma alisema sasa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza njia. "Linahusu nyota uliyoipa jina la Bibi."

Kila mtu ukumbini aliijua Bibi. Gazeti la Turku liliandika habari zake. Ilikuwa kibete chekundu cha karibu sana, ambacho hesabu za Edvin, kwa jinsi mng'ao wake ulivyokuwa hafifu, zilionyesha ni kikongwe kuliko majirani wote, kimezaliwa kabla nyota za mwanzo hazijalijaza anga metali za kutosha. Kwa ajili ya Bibi, taasisi moja ya Ujerumani ilikuwa imemwahidi Edvin kazi, aanze kiangazi. Bi Gunvor alikuwa amekwisha kuwaaga marafiki zake kwa niaba ya mwanawe.

"Mng'ao wake wa infraredi umeutoa kwenye picha za zamani," Sanelma aliendelea. "Bibi anatembea kwa kasi, kama majirani wote. Kabla ya kulinganisha, ulimrudisha mahali alipokuwa miaka ile picha zilipopigwa?"

Profesa Hesselink alivua miwani.

"Programu ya kulinganisha," Edvin alianza, "inatafuta ndani ya..."

"Sikuulizi programu. Nakuuliza wewe."

Edvin alimtazama. Kidole gumba kilipanda hadi mdomoni. Kulikuwa na jibu lililokuwa rahisi, na wote wawili walilijua. Angeweza kusema kulinganisha kulikuwa kazi ya msaidizi, na kwamba msaidizi huyo ndiye huyu aliyesimama hapa. Lingekuwa nusu kweli. Sanelma ndiye aliyeanza kazi ile, na hatua ya kuzirudisha nyota nyuma ndiyo iliyobaki, angeifanya wiki iliyofuata ile sikukuu ya jina, kama asingekuwa ameondoka. Sasa Sanelma alikuwa anamngoja aseme hivyo. Alikuwa na jibu la kumvunja mbele ya watu, amelinoa muda mrefu.

Edvin akashusha mkono.

"Hapana," alisema. "Sikumrudisha. Kosa ni langu."

Profesa Hesselink akaomba picha ya zamani iwekwe ukutani. Pale ambapo Edvin alikuwa ameitafuta nyota yake palikuwa na nukta hafifu, nyota nyingine ya mbali mno huko nyuma, isiyohusika na lolote. Bibi mwenyewe alikuwa juu kidogo, pembeni, anang'aa kama kawaida, kama mtu aliyesimama nje ya chumba anachoitiwa. Wanajimu ukumbini walitoa mguno mmoja wa chini.

"Kwa hiyo Bibi si kikongwe," Profesa Hesselink alisema, si kwa ukali. "Ana umbali wake mwenyewe na mng'ao wa mtu mwingine."

Tasnifu ilipita. Vibete vingine mamia vilikuwa sawa, kwani vingi havikuwa na nyota ya nyuma ya kuvichanganya. Lakini sura ya tasnifu iliyomhusu Bibi ilianguka, na kila aliyekuwa ndani alijua kazi ya Ujerumani imeanguka nayo. Edvin alipopeana mkono na mpinzani wake, watu walipiga makofi ya adabu. Sanelma hakupiga. Alikuwa akimtazama Bi Gunvor, ambaye mkoba ulikuwa umemlalia mapajani umefunguka na hakuufunga.

Kwenye kahawa watu walimpisha Sanelma kana kwamba amebeba kitu kinachomwagika. Profesa Vuolle peke yake alimsogelea, sahani ya keki mkononi, uso umejaa kitu kati ya hofu na furaha.

"Binti, wewe umeniharibia mchana wangu," alisema. "Unajua lakini kinachofuata?"

"Najua, profesa."

"Anayepinga kutoka ukumbini ni mpinzani wa ziada. Na mpinzani wa ziada hualikwa kwenye karamu ya jioni. Si hisani hiyo, ni mila. Mwenye karamu asipomwalika, ni aibu yake mbele ya chuo kizima." Akala kipande cha keki. "Na karamu iko nyumbani kwa mama yake."

"Najua," Sanelma alirudia.

Mzee akaacha kutafuna. Akamtazama vizuri. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na nadhani wakati ule ndipo Vuolle alipousikia. Msichana huyu hakuja kwa ajili ya nyota.

Bi Gunvor alikuja mwenyewe, maana ndivyo alivyolelewa. Alisimama mbele ya Sanelma, mwembamba, lulu shingoni, na akasema kwa Kiingereza kwamba familia itafurahi kumkaribisha jioni.

"Nitashukuru sana," Sanelma alijibu.

Ilikuwa nyumba ileile ya mbao ya manjano, mlango uleule. Safari hii aliufungua Edvin. Alitaka kusema jambo, lakini nyuma ya Sanelma walikuwa wakipanda Profesa Hesselink na Vuolle na kofia zao, na ilibidi apokee makoti.

Ngazi za mila zilimweka Sanelma mahali pa heshima, mkabala na mama mwenye nyumba. Alikula supu ya samaki samoni kwa adabu. Alisifu mkate mweusi wa visiwani. Bi Gunvor hakumwelekea hata mara moja. Walipoletewa nyama ya kulungu alimwinamia kaka yake aliyekaa kushoto, akasema kwa Kiswidi, bila hata kupunguza sauti, maana alijua msichana wa Kuhmo haelewi: "Afadhali leo hakuja na mikate yake."

Kaka mtu alicheka puani. Sanelma aliendelea kukata nyama.

Kisha Edvin akasimama kushukuru, kwa sababu hilo nalo ni la lazima: daktari mpya humshukuru kila mtu kwa ngazi yake, na kila aliyeshukuriwa hujibu. Alimshukuru Profesa Hesselink. Alimshukuru Vuolle, akasimulia kisa cha darubini iliyoganda, watu wakacheka. Alipofika kwa mpinzani wa ziada alikunja karatasi yake na kuiweka mfukoni.

Alisema wengi mezani hawamjui Sanelma, na kwamba hilo ni kosa lake yeye. Alisema vibete vyote vilivyo sahihi ndani ya tasnifu vilianzia mikononi mwake.

"Nilipoliweka jina lake kwenye shukrani nilijua ninachofanya," alisema. "Na kabla ya hapo, kwenye mlango wa nyumba hii, nilimwona mtu ninayempenda anafukuzwa. Nikatazama viatu vyangu."

"Edvin," mama yake alisema kwa Kiswidi, kwa upole wa kutisha. "Inatosha."

"Sijamaliza, mama."

Ilisikika kama sentensi ndogo tu. Lakini mjomba aliweka glasi chini, na dada mmoja wa jikoni, aliyekuwa ameshika sahani, aliganda mlangoni. Inaelekea hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia ndani ya nyumba ile.

"Ninampenda," Edvin alisema. "Nilitaka nilitamke mahali ambapo mama atasikia."

Akaketi. Mila ikamtaka Sanelma ajibu.

Alisimama. Na akaanza kwa Kiswidi, Kiswidi safi cha Uppsala, mji wa Waswidi alikoishi tangu alipoondoka Turku, kisicho na kikwazo hata kwenye herufi zake ngumu. Kijiko cha Bi Gunvor kilisimama juu ya mchuzi.

"Bi Gunvor, samahani sikuleta mikate," Sanelma alisema. "Mama yangu huniuliza kila mara nikienda nyumbani kama ile ya mwanzo iliwafurahisha. Anaitengeneza kwa mkono, na magoti yake si mazuri. Nimemwambia mliimaliza yote na mkaomba mingine. Niliila mwenyewe ndani ya treni nikiondoka Turku, nikilia, mpaka abiria mmoja akahamia behewa jingine." Akamtazama Bi Gunvor usoni. "Sipendi kumdanganya mama yangu. Mmenifanya nimdanganye. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, na hakukuwa na njia nyingine ya kupata kiti."

Akageukia wageni, akaishukuru nyumba kwa chakula, akaketi.

Ni Profesa Hesselink, asiyejua Kiswidi, aliyeuliza kwa sauti ya chini kama imesemwa habari njema.

Sanelma alitoka barazani kupata hewa. Theluji ya Machi ilikuwa imeshaanza kuwa matope na paa lilikuwa linadondosha maji. Edvin alimfuata bila koti. Walisimama wakitazama bustani, mabega karibu kugusana, yasigusane.

"Nyota ile," Edvin alisema. "Uliigundua lini?"

"Siku makala yalipotoka."

Edvin akaushika ukingo wa baraza.

"Ungeweza kuniandikia. Ningesahihisha kabla hata ya Wajerumani kunijua."

"Ningeweza."

"Ukangoja mpaka leo. Mbele ya watu wote."

"Nilijifunza kwako kunyamaza," Sanelma alisema.

Edvin alifunga macho. Sanelma alikuwa ameirudia sentensi hiyo kitandani Uppsala mara nyingi, na kila mara ilimpa raha kama maji baridi. Sasa ilikuwa imetoka, na imempata aliyelengwa, na ladha yake ilikuwa ya chuma. Uso wa Edvin ulikuwa umekonda. Nywele za juu ya sikio zilihitaji kukatwa, kama siku zote. Sanelma alitaka kuzigusa, na akauchukia mkono wake kwa kutaka.

"Kwa hiyo tuko sawa," Edvin alisema.

"Hatuko sawa hata kidogo. Tungekuwa sawa kama ningekuwa nimeacha kukupenda."

Maji yalidondoka. Edvin aligeuka mzima mzima akamtazama, na Sanelma akaendelea upesi, kabla hajalainika. Alimwambia vibete vyote vitarudiwa upya, kimoja kimoja, na safari hii jina la Sanelma litakuwa la kwanza. Alimwambia asahau kufikiri kwamba hotuba moja ya karamuni inafuta kitu. Alimwambia kuwa hajamsamehe, na kwamba huenda ikachukua muda mrefu, na atakuwa akimkumbusha akiwa anapiga mswaki, akiwa na homa, siku yoyote itakayomjia.

"Siku yoyote," Edvin alisema. "Maana yake utakuwepo."

Kabla hajajibu mlango ulifunguka. Bi Gunvor alisimama pale, na mikononi alikuwa ameshika koti la Sanelma, limekunjwa vizuri, skafu juu yake.

"Nilifikiri utalihitaji," alisema kwa Kiingereza. "Treni za Helsinki ni chache jioni."

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa adabu kamili, yenye makali ya wembe, na Sanelma karibu aistahi. Aliona pia kwamba macho ya mama yule yalikuwa mekundu, na kwamba unga wa usoni umepakwa upya kwa haraka. Edvin alifungua mdomo. Sanelma akamgusa mkono, amwachie.

Kuondoka kungekuwa kazi rahisi mno. Wote walikuwa wanamngoja aondoke: mjomba kule ndani, yule mama mlangoni, hata Edvin, ambaye tayari alikuwa amekwisha kuvaa uso wa kuachwa. Angepanda treni na ushindi wake, na kufikia Krismasi nyumba hii ingekuwa imempa jina, yule msichana mwenye kisirani, na kumsahau. Kisasi gani hicho, cha jioni moja?

Alilichukua koti. Hakulivaa. Alilitundika kwenye mkono wa Edvin, kama mtu anavyotundika koti lake kwenye msumari wa kwao.

"Asante, Bi Gunvor. Nimehamia Turku wiki hii," alisema kwa Kiswidi. Haikuwa kweli bado, lakini alijua kufikia Jumatatu itakuwa. "Nimesikia familia hula pamoja Jumapili. Nitakuja. Na Jumapili itakayofuata, na nyingine. Mtoto wako amesema ananipenda, nami nampenda, basi mtanizoea. Nina subira sana. Leo mmeiona."

Bi Gunvor alimtazama mwanawe, akimngoja atazame viatu vyake. Edvin alikuwa anamtazama mama yake, kichwa juu, koti la kijivu mkononi.

Mama yule alipozungumza alizungumza Kifini, lugha ya kwao Sanelma, kibovu, cha mtu anayekitumia sokoni tu, kila neno limetolewa kwa koleo.

"Jumapili tunakula saa saba," alisema. "Sipendi mtu anayechelewa."

"Nitawahi," Sanelma alimjibu kwa Kiswidi.